Toleo la Hamsini na Tatu

Kila siku, kengele ya saa tisa na nusu ilipolia, wenzake walikimbilia getini na yeye alikimbilia chumba cha kompyuta. Alikuwa na sababu ya kukimbia. Viti vyenye egemeo vilikuwa vitatu tu, na aliyechelewa alikalia ndoo iliyopinduliwa. Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya madawati mabovu zamani. Sasa kilikuwa na meza sita, kompyuta nane za kupewa, dirisha moja lenye nondo, na feni iliyozunguka huku ikilalamika. Kwenye kompyuta ya tatu herufi M ilikuwa imeng'oka, kwa hiyo aliyeitumia alichokoa kishimo chake kwa ncha ya kalamu.

Alikuwa na miaka kumi na mitatu na shule nzima ilimwita Darubini. Jina lilitokana na macho yake. Ukimpa daftari lako asome, kabla hajakwambia kama insha yako ni nzuri, atakuwa ameshaiona nukta uliyoisahau ukurasa wa pili. Mama yake alisema tabia hiyo inachosha nyumbani. Mwalimu wa kompyuta alisema inafaa kazini.

Chama cha kompyuta kilikuwa kinatengeneza programu kwa ajili ya nesi wa shule. Wanafunzi walikuwa zaidi ya mia saba na nesi alikuwa mmoja. Programu ile ilimwonyesha orodha ya wanafunzi wa kuangaliwa kwa karibu: wenye pumu, wenye kifafa, wenye matatizo ya moyo. Aliyeiandika alikuwa mvulana wa darasa lao aliyeitwa Kimya, kwa kuwa alizungumza alipoulizwa tu, na mara nyingine hata akiulizwa hakuzungumza. Darubini alikuwa mjaribu. Kazi ya mjaribu ni kuichokoza programu mpaka itoe ubovu wake, kisha kuuandika ubovu huo kwenye daftari la kasoro ili mwandishi aurekebishe. Mjaribu hagusi programu yenyewe, hata mstari mmoja.

"Kwa nini, Mwalimu?" Darubini aliuliza siku ya kwanza. "Kama nimeshaliona kosa, si nilitoe tu?"

"Na wewe ukikosea, atakayekuona ni nani?" mwalimu alimjibu.

Darubini alicheka. Alidhani ni utani.

Jumatatu ya wiki ya michezo, mwalimu alivuta kiti karibu na Darubini ili amfundishe jinsi matoleo ya programu yanavyotunzwa. Mwalimu huyu alikuwa mwanamke mrefu aliyevaa miwani iliyofungwa kwa uzi, na hakupenda kusema jambo mara mbili.

"Kimya akimaliza kipande cha kazi, anakihifadhi," alisema. "Hatufuti cha jana tukaweka cha leo juu yake. Tunaweka vyote. Hili ni toleo la arobaini na tisa, hili la hamsini. Kila toleo lina jina la aliyelihifadhi, saa aliyolihifadhi, na ujumbe mfupi unaosema alichofanya. Wewe unachukua toleo la mwisho, unalijaribu, na ukiona kasoro unaandika ni toleo la ngapi. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Mwalimu."

"Haya. Sasa nikuonyeshe namna ya kurudi nyuma. Tuseme mtu ameharibu, hajui afanye nini..."

Hapo Darubini aliacha kusikiliza. Nje ya dirisha wasichana wa darasa la saba walikuwa wanafanya mazoezi ya kupokezana vijiti, na mmoja alikuwa ameangusha kijiti na kudai kwamba si yeye. Lilikuwa jambo la kutazama. Isitoshe, somo la kurudi nyuma Darubini alilihesabu kuwa la watu wanaoharibu vitu. Aliitikia kwa kichwa kila mwalimu aliponyamaza, na mwalimu akaendelea.

Jumatano alibaki peke yake. Mwalimu alikuwa kwenye kikao na Kimya alikuwa ameitwa kubeba viti kupeleka uwanjani. Kompyuta ya Kimya ilikuwa imeachwa wazi, na jina lake lilionekana juu ya kioo, pembeni.

Darubini aliifungua orodha ya nesi na macho yake yakafanya kazi yake. Baadhi ya majina yalitokea mara mbili. Watoto hao walikuwa wameandikishwa mwaka jana, na mwaka huu wakaandikishwa tena. Aliyahesabu majina yanayojirudia, yakawa saba. Moja aliliona haraka kuliko mengine kwa sababu lilikuwa la mdogo wake.

Mdogo wake alikuwa darasa la tatu na watoto wenzake walimwita Treni. Alikuwa na pumu, na kifua kikimbana kilipiga filimbi. Yeye mwenyewe hakuchukia jina hilo. Alisema treni inakwenda mbali.

Darubini akachukua daftari la kasoro na kuandika: *Majina saba yanajirudia.* Kisha akaiweka kalamu chini. Kwa miezi mitatu alikuwa akimchungulia Kimya begani na aliijua ile sehemu ya programu inayopanga majina. Kulikuwa na kazi ya mstari mmoja tu pale, dakika mbili. Kimya angerudi akute imekwisha, na siku moja Darubini angesema, hivi, bila kujisifu sana, kwamba ni yeye.

Akakaa kwenye kiti cha Kimya. Akaandika mstari wa kuiamuru programu iondoe jina lolote linalojirudia. Akaifungua orodha tena na kuitazama kuanzia juu hadi chini. Hakuna jina lililotokea mara mbili. Kichwa kikamvimba.

Akabonyeza kuhifadhi, na kompyuta ikamtaka aandike ujumbe. Hapo alisita. Kama angeandika ukweli, mwalimu angejua kwamba mjaribu ameingiza mkono mahali pasipomhusu. Alitazama mlango. Hakukuwa na mtu. Akaandika: *Nimepanga herufi kubwa na ndogo.* Ujumbe mdogo, wa kazi ndogo, usioweza kumshtua mtu. Toleo la hamsini na tatu likahifadhiwa kwa jina la Kimya.

Kisha akaichana ile karatasi ya daftari la kasoro, akaikunja mara nne, na njiani kwenda nyumbani akaitupa kwenye jalala.

Alhamisi jioni Darubini alikuwa anapakua chakula Treni alipoingia akirukaruka. Mama alikuwa bado kiwandani, kwa kuwa alishona sare za shule na msimu wa sare ulikuwa umeanza.

"Dada, nimepona," Treni alisema.

"Umepona nini?"

"Kifua. Leo nesi aliwaita wagonjwa wote wapeleke dawa zao zikaguliwe na waambiwe michezo ya kuacha. Mimi hakuniita."

Kijiko kilibaki hewani mkononi mwa Darubini. "Labda hukusikia."

"Nilisimama pale pale mlangoni kwake. Aliisoma karatasi yote mpaka mwisho. Nikamuuliza mwalimu wetu, naye akasema kama sipo kwenye karatasi basi siumwi. Kesho nakimbia raundi nzima ya uwanja, tena nimeshapewa namba." Alishusha sauti. "Usimwambie mama. Nataka anione nikimaliza."

Darubini aliweka sahani chini. Sasa aliuona ule mstari wake kama ulivyokuwa. Alikuwa ameiambia programu iondoe jina linalojirudia. Hakuiambia ibakize moja. Programu ilitii na kuondoa yote mawili. Na yeye, mwenye macho ya kuona nukta, alitazama kama majina bado yanajirudia, wala hakuhesabu yamebaki mangapi.

Alikumbuka msimu wa mvua uliopita, siku Treni alipobanwa na kifua wakiwa wawili tu nyumbani. Midomo yake ilibadilika rangi. Alikuwa akivuta hewa na hewa haiingii, na macho yake yalimtazama dada yake kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine wa kutazama. Darubini alikimbia pekupeku mpaka kwa jirani mwenye pikipiki. Tangu siku ile, kila akisikia mtu anakohoa, kwanza anatega sikio.

"Kesho hukimbii," alimwambia.

"Kwa nini? Nesi kasema..."

"Nesi hakusema. Karatasi imekosea. Ukikimbia namwambia mama, na dawa yako unabeba."

Treni alinuna mpaka chakula kikapoa. Lakini asubuhi yake Darubini alimtilia kile kikopo cha dawa ya kuvuta mfukoni kwa mkono wake mwenyewe na kumfunga kifungo. Walipoachana getini alihisi mzigo umemshuka. Treni alikuwa salama. Jumatatu angemnong'oneza Kimya kwamba amekuta kasoro kwenye orodha, Kimya angeirekebisha, na mambo yangekwisha bila mtu kujua.

Alikuwa amefika nusu ya uwanja aliposimama. Majina yalikuwa saba.

Treni alikuwa mmoja. Wengine sita ni akina nani? Alijaribu kuyakumbuka majina yao na hakupata hata moja. Siku ile jicho lake lilikuwa limenasa kwenye jina la mdogo wake, na mengine aliyahesabu tu, hakuyasoma. Hata karatasi aliyoichana ilikuwa na idadi, haikuwa na majina. Mahali fulani katika uwanja ule kulikuwa na watoto sita waliokuwa wakifunga kamba za viatu, wakiamini kwamba wamepona.

Hofu ya jana ilikuwa na sura ya Treni. Hii haikuwa na sura, na ilikuwa mbaya zaidi. Darubini alimtazama kifuani kila mtoto aliyepita mbele yake.

Akaenda mbio chumba cha kompyuta. Alitaka kuingia kabla ya mtu, autoe mstari wake, apate majina, kisha aone. Lakini mwalimu alikuwa ameshafika, na Kimya naye, na mbele yao alisimama nesi akiwa na karatasi mkononi. Nesi alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kubembeleza, ila asubuhi hiyo haikuwa inabembeleza.

"Mama wa binti mmoja wa darasa la sita yuko ofisini kwangu," nesi alisema. "Anauliza kwa nini mwanawe hakuitwa jana. Mtoto ana pumu tangu akiwa mchanga. Nimemtafuta kwenye orodha yenu, hayumo. Mwezi uliopita alikuwamo, nililiona jina lake kwa macho yangu."

"Na kadi za zamani?" mwalimu aliuliza.

"Zimo kwenye maboksi, mia saba na ushee, tena zimechanganyika. Kuzipitia ni kazi ya siku mbili. Si ndiyo sababu tukaja kwenu?"

Mwalimu aliinamia kompyuta ya Kimya na kufungua historia ya matoleo. Darubini alisimama mlangoni.

"Tuone kilichofanyika wiki hii," mwalimu alisema, kidole kikishuka kwenye kioo. "Alhamisi, toleo la hamsini na tano, rangi ya vitufe. Hapana. Hamsini na nne, ukubwa wa maandishi. Hapana. Jumatano, hamsini na tatu, *Nimepanga herufi kubwa na ndogo.* Hiyo nayo ni herufi tu, haiwezi kufuta mtu." Kidole kikapita. Kikaendelea kushuka kwenye matoleo ya wiki iliyopita, mbali kabisa na mahali kosa lilipokuwa. "Sioni. Kimya, uligusa orodha ya majina?"

Kimya alikunja uso akifikiri. "Sikumbuki, Mwalimu."

"Matoleo yote haya yana jina lako."

Kimya alitazama jina lake pale kwenye kioo. "Basi labda ni mimi," alisema taratibu. "Nisamehe, nesi. Labda nilifuta jina moja bila kujua."

Nesi alimshika bega. "Haya, mwanangu, ni mmoja tu. Nimeshamwongeza kwa kalamu, hatakimbia." Akachomoa kalamu kwenye nywele zake na kuikaza tena. "Mengine mtatafuta Jumatatu. Mimi naenda, wadogo wanaanza saa nne."

Saa ya ukutani ilisema saa nne kasoro dakika kumi na tano.

Nesi alimpita Darubini mlangoni na kumpapasa kichwa, kama alivyompapasa kila mtoto. Karatasi ilikuwa kwapani mwake. Darubini aliiona safu ya majina yaliyochapwa, na chini yake jina moja la kalamu. Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemshuku. Kimya alikuwa ameshalibeba kosa, tena kwa upole, na aibu ya jina moja ingeisha wiki moja. Labda wale watoto wengine wasingebanwa leo. Labda wana dawa mifukoni. Alizipanga hizo labda moja baada ya nyingine, na zote zilikuwa na midomo iliyobadilika rangi.

"Si mmoja," alisema.

Sauti ilitoka ndogo mno. Nesi alikuwa ameshashuka ngazi ya kwanza.

"Nesi, si mmoja. Ni saba."

Watu watatu wakamgeukia. Darubini alijikaza. Aliyasema yote bila kupumzika, kwa kuogopa kwamba akipumzika hataanza tena: kompyuta iliyoachwa wazi, mstari mmoja, majina yaliyoondoka yote mawili, ujumbe wa herufi. "Toleo la hamsini na tatu si la Kimya," alimalizia. "Ni langu. Na ule ujumbe ni wa uongo. Hao wengine siwajui ni nani, na sasa wamekwisha kufutika."

Alingoja kufokewa. Mwalimu hakufoka. Alivua miwani, akaivaa, na kugeukia kompyuta.

"Hawajafutika," alisema. "Jumatatu ulipokuwa unatazama dirishani, ndilo hilo nilikuwa nakufundisha. Njoo hapa."

Darubini alisogea. Mwalimu alibonyeza juu ya toleo la hamsini na mbili, lile la kabla ya lake, na kulifungua. Orodha ya zamani ikatokea nzima, na chini yake idadi: arobaini na nane. Kisha akalifungua la hamsini na tatu: thelathini na nne. Akayaweka yote mawili ubavu kwa ubavu, na mistari iliyoondoka ikajionyesha kwa rangi nyekundu. Ilikuwa kumi na minne. Majina saba, kila moja mara mbili.

"Wote wapo," Darubini alinong'ona. Aliona aibu kwamba machozi yanamtoka mbele ya Kimya.

"Walikuwapo muda wote. Tatizo ni kwamba hatukujua twende wapi kuwatafuta. Kimya, chapa."

Printa ile haikuwahi kuwa na haraka na mtu. Ilikohoa, ikavuta karatasi kidogo, ikatulia kama inafikiri. Nje, kipaza sauti kilianza kuita darasa la tatu wapange mstari. Mwalimu aliigonga printa ubavuni kwa kiganja. Karatasi ilipotoka na majina yote saba, Darubini aliivuta, akampita nesi kwenye ngazi na kukimbia.

Alipofika uwanjani mstari ulikuwa umeshapangwa. Watoto thelathini hivi walikuwa wameinama, na mwamuzi alikuwa na filimbi mdomoni. Darubini alimtafuta mdogo wake upande wa washangiliaji na hakumwona. Alimwona mstarini, wa nne kutoka mwisho, namba imebandikwa kifuani. Mfuko wake ulikuwa bapa. Kikopo hakikuwamo.

"Ngoja," alipiga kelele. "Mwalimu, ngoja, usipulize."

Mwamuzi alimkodolea macho. Filimbi ilibaki mdomoni. Nyuma ya Darubini nesi alikuwa anakuja akihema, mkono juu, na mkono wa nesi uwanjani hapo ulikuwa na nguvu kuliko filimbi. Alipokea karatasi kwa Darubini, akachukua kipaza sauti na kusoma majina saba kwa sauti ya kawaida, kama anayeita watu kunywa chai.

Walitoka mmoja mmoja. Treni alitoka akiburuta miguu. Msichana mwingine mdogo alitoka mstari ule ule, amefunga utepe kichwani. Nesi alimwinamia na kumuuliza dawa yake iko wapi.

"Nyumbani," msichana alisema. "Si mmesema nimepona?"

Nesi aliweka sikio mgongoni mwa yule mtoto akasikiliza, kisha akamshika mkono na hakuuachia tena. Wengine wanne walipatikana chini ya hema la maji na nyuma ya goli, mmoja wao akijinyoosha kwa ajili ya mbio ndefu za darasa la saba. Yule wa darasa la sita alikuwa tayari ameketi na mama yake. Darubini aliwahesabu. Walipotimia saba aliwahesabu mara ya pili, ndipo akakaa chini kwenye nyasi.

"Kikopo kiko wapi?" alimuuliza Treni.

"Kwenye dawati," Treni alisema akitazama viatu vyake. "Kilinipiga pajani nikikimbia."

Darubini hakumgombeza. Hakuwa na ujasiri wa kumgombeza mtu siku hiyo. Mbio zilianza bila wao, na nesi aliwapa wale saba kazi ya kushika saa na kuandika namba za washindi. Treni aliifanya kazi hiyo kwa ukali mkubwa, hata akamnyima nafasi ya tatu rafiki yake kwa sababu kiatu chake kilikanyaga mstari.

Jumatatu saa tisa na nusu Darubini hakukimbia. Alitembea, akakuta viti vyote vimekaliwa, akaenda kusimama mbele ya Kimya.

"Nilitumia jina lako," alimwambia. "Ukasema labda ni wewe, na mimi niko pale nasikia. Nisamehe."

Kimya aliinua macho kutoka kwenye kibodi. "Ijumaa, kabla hujasema, nilijiuliza ni lini nilizigusa herufi," alisema. "Nilidhani nimeanza kusahau kama babu yangu." Akaivuta ndoo kwa mguu na kuikalia yeye, akamwachia kiti.

Baadaye mwalimu aliwaita mbele ya kompyuta ya tatu. Kimya alikuwa ameshaandika upya mstari wa kuondoa majina yanayojirudia, safari hii wa kubakiza moja, na Darubini alikuwa ameujaribu mara kumi na mbili, akihesabu kila mara. Kazi iliyobaki ilikuwa kuhifadhi.

"Mwalimu," Darubini aliuliza, "lile la hamsini na tatu, haliwezi kufutwa? Ili lisionekane tena?"

"Hapana. Litabaki."

"Na ule ujumbe wangu?"

"Utabaki pia." Mwalimu aliisukuma miwani juu. "Sikiliza, na leo usiangalie dirishani. Mimi nimeharibu programu za watu wazima, za ofisi, mara zisizo na idadi. Kukosea ni sehemu ya kazi hii, ndiyo sababu tunatunza kila toleo. Kosa lako la Jumatano lingerekebishwa kwa dakika moja. Yaliyokaribia kuwaumiza wale watoto ni maneno yako matano. Nilisoma herufi kubwa na ndogo, nikapita mlangoni pa kosa bila hata kubisha hodi. Kompyuta inaweza kurudisha majina yote, lakini haijui irudi wapi. Anayejua ni mtu aliyefanya, na mtu huyo akidanganya au akinyamaza kwa hofu, sisi wote tunapotea pamoja naye. Hofu unaweza kuwa nayo. Ijumaa ulikuwa nayo, nilikuona, lakini ulisema. Siku nyingine sema mapema."

Kisha alimsogezea kibodi. Kimya alitoka kwenye jina lake na Darubini akaingia kwa la kwake, jina lake kamili la daftarini, ambalo hata Kimya alikuwa amelisahau. Aliandika ujumbe polepole. Ilikuwa ile kompyuta isiyo na herufi M, na ilimbidi achokoe kwa kalamu kila mara.

*Toleo la 53 ni langu, si la Kimya. Niliondoa watoto saba kwa kosa na nikaandika uongo. Kimya amewarudisha, mimi nimehesabu. Wako arobaini na mmoja.*

Alibonyeza kuhifadhi, kisha akaifungua orodha na kuwahesabu tena.